Pai Haikai Peke Yake

…kwa hiyo kifungo cha pai ndicho kinachokatika kwanza na cha sigma kinabaki, alijiambia Wahiba huku akibonyeza matonge mawili ya unga wa maandazi juu ya meza, inabaki, Mwalimu Romani wa tuisheni alisema inabaki, etheni ikikutana na haidrojeni ni kile kifungo cha pembeni kinachofunguka, zile kaboni mbili haziendi popote, zimeshikana vilevile, sasa kwa nini mama alilisema jambo lile kwa sauti ileile ya kuagizia chumvi, hata hakugeuka, macho yake kwenye karai la mafuta, "Mwambie babako eda yangu inakwisha kesho," basi, na baba yuko pale mbele dukani, nyuma ya pazia tu, anapima vitambaa vya watu, na Wahiba kajibu, "Haya mama, namalizia swali hili," na swali lenyewe halimaliziki, onyesha vifungo vilivyomo katika molekuli ya etheni, mchoro wa mistari miwili, mtoto wa darasa la kwanza angeuchora, lakini kidole kimezama kwenye unga na hakitaki kutoka… talaka ni moja, moja tu, ugomvi wenyewe ulianzia kwenye feni, baba anataka izimwe, mama anakufa kwa joto, kutoka kwenye feni ukahamia kwa ndugu wa baba, kutoka kwa ndugu ukarudi nyuma mpaka siku ya harusi yao, nani alimdharau nani, na neno likamtoka baba, likakaa pale sebuleni kama mgeni asiyejua kuaga, majirani wa Chang'ombe wakasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini bibi alipiga simu akawakemea, hakuna kilichomwagika, mke akae eda ndani ya nyumba ya mumewe, na mume akitaka, kabla eda haijaisha, neno moja linatosha, nimekurejea, hapatakiwi mahari nyingine wala ndoa mpya, na Wahiba alilipenda sana lile jambo, alilichukua akalilaza kando ya somo lake la kemia likaenea sawasawa, talaka moja ni pai iliyokatika, sigma ipo, alilala nalo, aliamka nalo, na kesho linakwisha.

Vumbi la unga linaelea kwenye mwanga wa dirishani, halishuki halipandi, karakana ya jirani wanagonga mabati kwa mbali kama wanagonga ndani ya maji, na Mwalimu Romani anatokea mle vumbini na shati lake la mikono mifupi, "Nyie watoto msikariri bwana, fumbeni macho muone," na darasa zima likafumba, oneni mawingu mawili ya elektroni, moja la huyu, moja la yule, yanasogeleana ncha kwa ncha, uso kwa uso, kwenye mstari ulionyooka kati ya kiini na kiini, hapo katikati ndipo yanapoingiana, hiyo sigma, haya, sasa oneni mawingu mengine, haya yamesimama wima, yako ubavuni, yanainamiana yakagusana juu, yakagusana chini, na pale katikati, kwenye ule mstari, hamna kitu, patupu, hiyo ndiyo pai… Wahiba aliyaona, Mungu anajua aliyaona, wengine walikuwa wanasinzia yeye aliyaona, meupe, laini, yanapumua, na sasa anayaona tena, ila lile wingu la juu limeshika sinia ya chai, linapita kwenye ujia kutoka jikoni kwenda dukani, na lile la chini linarudi na sinia tupu kutoka dukani kwenda jikoni, na yote mawili yana uso wake yeye. Juu na chini, juu na chini, tangu siku ile ya feni baba na mama hawasemezani, ni "mwambie mamako" na "mwambie babako", mjumbe hauawi, wanasema, sawa, ila hakuna aliyesema mjumbe huyo atalala saa ngapi, na yeye ujumbe wenyewe hakuupeleka ulivyo, ah, hapo ndipo alipojifanya fundi, baba akisema "Mwambie mamako chai imepoa," jikoni inafika "Baba anasema chai tamu, anaomba uipashe kidogo," mama akisema "Mwambie sina mikono kumi," dukani inafika "Mama anasema pole na kazi, inakuja," na baba hutabasamu, na mama hulegea mabega, na Wahiba hurudi kwenye vitabu akiona ameiokoa nyumba kwa sukari ya mdomo… wingu la juu linasimama. Nani atakuwa na haraka ya kumrejea mke ambaye kila siku anatuma pole na kazi, ataona kuna muda, ataona hasira imekwisha na mambo yatajiseti yenyewe, na mama naye, kwa nini afungue kinywa wakati mume anasifia chai kutwa mara ngapi na hasogei, ataona basi huyu kanogewa na hali hii hii, hana shida nami, kila mmoja anamngoja mtu ambaye hayupo, mtu aliyekandwa na Wahiba, akaumuliwa, akakaangwa, na mwenza wa kweli kakaa upande wa pili wa pazia anaumia. Yule Allen wa tuisheni, mwenye maswali ya kuudhi, aliuliza siku ile, "Ticha, kwani pai haiwezi ikakaa yenyewe, bila sigma?" na mwalimu alicheka mpaka akashika ubao, "Ikae wapi, braza? Hao wawili hawajasogeleana uso kwa uso, pembeni patagusana vipi? Sigma kwanza!" na darasa lilicheka, naye alicheka, aliandika akapiga mstari, na hakusikia. Alidhani sigma ni yeye, mtoto, damu, kitu gani kingine kinaweza kuwaunga watu, lakini sigma haina mtu katikati, sigma ni wao kwa wao, mstari ulionyooka, na kwenye mstari huo nani kakaa na meza yake na unga wake na maneno yake matamu, kati ya jiko na duka, nani… aliyatazama matonge mawili, kayabonyeza pembeni, juu na chini, kwa ustadi mkubwa, na katikati palikuwa na uwazi wa kupita kidole. Anawapenda, jamani, anawapenda, na anaogopa, kwa sababu wakikutana uso kwa uso bila sukari huenda wakasemezana, na huenda wakamaliza kabisa, baba akasema basi na iishe, na hapo hatakuwepo wa kuipasha chai hiyo, na hilo nalo litakuwa lao. Maandazi yananukia iliki. Mkasi wa baba umenyamaza, mteja kaondoka, sauti ya baba inapenya pazia, "Wahiba, muulize mamako kama pana chai," na kabla haijatua mama kutoka jikoni, "Wahiba, umeshamwambia?", sauti mbili zinapishana juu ya kichwa chake, ni nyumba ndogo, kila mmoja amemsikia mwenzie, hawawezi kuwa hawajasikiana, na ulimi wake tayari umeshaanza kupanga, baba anaomba, mama anasema, na yeye akauuma. "Wahiba!" wakaita kwa pamoja, mmoja mbele, mmoja nyuma, na Wahiba, ambaye siku zote huitika hata usingizini, akakaa kimya na mikono yake kwenye unga.