Bwana Tulia Alitingishika

Hospitalini walimwita Bwana Tulia. Miaka kumi na tisa aliketi nyuma ya kioo akiendesha mashine ya MRI, ile ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, akiwaambia watu kwenye kipaza sauti, "Tulia. Usitingishike." Aliyekohoa alikemewa. Ndugu aliyebembeleza kukaa ndani na mgonjwa wake alionyeshwa mlango. Na aliyeuliza, "Umeona nini?" alijibiwa kwa mkato, "Mimi napiga picha tu. Msomaji ni daktari."

Basi mgongo wake mwenyewe ukaanza kumsumbua, na mguu wa kushoto ukafa ganzi. Daktari akaandika kwenye fomu maneno ambayo Bwana Tulia alikwisha kuyasoma mara elfu bila moyo kushtuka: angalia kama kuna uvimbe kwenye uti wa mgongo.

Alipanda kitandani kwa mikogo. Mitamboni alikaa binti mmoja ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Tulia, mzee. Usitingishike," akasema binti.

Nani, mimi? Bwana Tulia akacheka.

Mchana, binti alipokwenda kunywa chai, mzee akazifungua picha zake kwa siri. Pale katikati ya uti palikuwa na doa, kubwa kama punje ya harage. Ni uvimbe, akajiambia, kwa uhakika wote wa mtu asiye na cheti cha kusoma picha hata moja.

Nyumbani hakugusa chakula. Alimkalisha mkewe sebuleni, akamkabidhi hati za nyumba, akamsamehe makosa ambayo hata hakuyakumbuka, akaagiza suti ya kijivu apewe shemeji, ila viatu asipewe maana hana shukrani.

"Daktari kasema nini?" mkewe akauliza.

"Bado hajasoma."

"Sasa nani kasema unakufa?"

Bwana Tulia akaona aibu, lakini woga ulizidi aibu. Akalia, mtu mzima na mvi zake.

"Kesho tunakwenda wote, baba watoto," akasema mkewe.

Daktari aliitazama picha, akatikisa kichwa. "Tangu tuanze kazi chumba chako hakijaniletea picha mbovu kama hii. Doa lipo kwenye picha za ubavuni, lakini kwenye zilizokata mwili mapana halipo. Uvimbe wa kweli ungeonekana kotekote. Mzee, ulikuwa unatetemeka." Akaandika: mgonjwa hakutulia, picha zirudiwe.

"Kwa hiyo sina uvimbe?"

"Sijasema hivyo. Katika kutafuta uvimbe wa mgongo mashine hii haina mpinzani, lakini mgonjwa akitikisika inadanganya, na hata akitulia kuna siku tunakosea. Turudie."

Mlangoni pa chumba cha mashine, Bwana Tulia akasita. "Mwanangu," akamwambia binti, "mama yako anaweza kukaa ndani?"

"Si ulinifundisha ndugu wakae nje?"

"Nilikufundisha ujinga."

Mkewe akavua hereni, pete na saa, akaulizwa kama ana chuma chochote mwilini, kisha akaketi miguuni pa mumewe na kukishika kidole gumba cha ule mguu wa ganzi. Bwana Tulia hakuuhisi mkono vizuri, ila alijua upo. Akatulia nusu saa nzima.

Doa halikuonekana tena, upande wowote. Kilichoonekana ni gegedu lililotokeza kati ya pingili mbili na kubana mshipa wa fahamu, jambo la mazoezi na dawa.

"Na suti?" akamuuliza mkewe alipopata pumzi.

"Shemeji yako keshaivaa."

Siku Bwana Tulia aliporudi kazini, babu mmoja alimleta mkewe kupigwa picha ya mgongo. Alimsaidia kulala, akamfunika shuka vizuri, halafu akageuka kutoka kabla hajafukuzwa, kama mtu aliyezoea.

"Babu, unakwenda wapi?" akaita Bwana Tulia. "Vua saa, urudi umshike mguu."