Mwalimu wa Kipindi cha Tano

Waliohudhuria Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, katika maktaba ya shule: mkuu wa shule, mwalimu wa hisabati, ambaye wanafunzi humwita Rula, mama mmoja fundi cherehani aliyewakilisha wazazi, na binti yake, kiranja wa kidato cha nne. Mwalimu wa fizikia hakuwapo. Hakuwapo tangu mwaka juzi.

Kazi ilikuwa moja: kutafuta vipindi vya sayansi vya televisheni vitakavyowafikisha vijana wa kidato cha nne kwenye mtihani. Visipopatikana, Jumatatu fizikia ingefutwa katika masomo yao, na binti aliyetaka kusomea uhandisi angetafuta la kufanya.

Kipindi cha kwanza kilikuwa na milipuko mingi na maelezo haba. Cha pili, mtangazaji alicheka kuliko alivyofundisha. Cha tatu kiliuza dawa ya meno. Cha nne kilielekea kufaa, ila Rula aliona kosa katika mlinganyo wa ubaoni, akakikata kwa kalamu nyekundu.

Katika cha tano alitokea mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe. Alichora lenzi ubaoni, akapangusa mikono, kisha akatazama nje ya skrini.

"Wewe baba uliyekaa nyuma, mbona huandiki?"

"Kalamu imeisha wino, mwalimu," Rula akajibu.

"Na hiyo nyekundu?"

Rula akaanza kuandika. Mkuu wa shule akajaza fomu ya kutathmini vipindi: sauti, nzuri, nidhamu ya darasa, nzuri sana.

Binti akanyoosha mkono. "Shikamoo, mwalimu. Kwa nini taswira hupinduka?"

"Marahaba. Maabara yenu ina lenzi?"

"Ina viti vya wageni."

Mwanamke akavuta droo, akapenyeza mkono kwenye kioo cha televisheni hadi kiwikoni, akampa lenzi. Ilikuwa na vumbi la chaki. Binti akaielekeza dirishani, na mti wa uani ukaonekana juu chini kwenye daftari lake. Akaitazama kidogo, akaeleza mwenyewe jinsi mwale wa juu unavyoshuka na wa chini unavyopanda, bila kukwama.

Mama yake akashusha pumzi ndefu. "Mwanangu wee! Miaka miwili nalala na hili jambo kifuani."

"Mama, taratibu. Tuko darasani."

"Samahani, mwalimu," mama akaiambia televisheni. "Lakini wewe na ujuzi wote huo, huko ndani umefikaje?"

"Nilipohitimu ualimu niliomba shule. Nikaambiwa nafasi zimejaa. Huku walikuwa wanahitaji mtu."

Mkuu wa shule akaikunja fomu, akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

"Fizikia haifutwi," akatangaza. "Mwalimu atafundisha hapa hapa, Jumanne na Alhamisi, saa nne. Na huko ofisi ya elimu mtu asiseme neno. Wakisikia tumepata mwalimu, watamhamisha."