Upande wa Kushoto

Kaka yangu Masanobu alishuka kwenye treni ya kutoka Tokyo, anakoishi, Jumamosi asubuhi, kamera mpya ikining'inia shingoni, akasema leo ni kutembea tu, tuburudike, tuuone mji. Mji upi? Huu wa Osaka tuliozaliwa na kunyang'anyania peremende ndani yake? Mtu hazungushwi kwao kama mgeni bila sababu, na sababu niliijua. Alikuja kumchukua Mama.

Baba alitutoka miaka mitatu iliyopita, na katika nyumba yetu ya mtaa wa Sumiyoshi tumebaki wawili, Mama na mimi. Wiki nzima Masanobu alikuwa akipiga simu: chumba kipo, mke wangu amekubali, hospitali iko jirani. Mama akamwambia atampa jibu Jumamosi jioni. Ndiyo maana nami nilivaa viatu vya kutembelea nikafuatana nao. Singemwachia Mama hata dakika moja.

Vita vilianzia kwenye ngazi za umeme za stesheni. Hapa Osaka tunasimama kulia, kushoto tunawaachia wenye haraka. Tokyo wao husimama kushoto. Masanobu, aliyekulia hapa miaka ishirini na miwili, alisimama kushoto wima kama mlingoti, watu wakajazana nyuma yake.

"Kulia, wewe! Hapa si Tokyo," nikamwambia.

"Kinuyo, tumeshaanza?"

"Umesahau mpaka pa kuweka miguu?"

"Nimezoea kule. Kuna mtu amekufa?"

Mama alikuwa chini yetu, upande wa kulia, ameshikilia ukingo, anatazama matangazo.

Kwenye ngome ya kale ya Osaka Masanobu alimpiga Mama picha kumi na moja. Mama na ukuta wa mawe, Mama na handaki la maji, Mama na mti uliopukutika majani. Kila picha ilinichoma.

"Unampiga picha za kuagana," nikasema.

"Nitazitundika sebuleni kwetu, awe anazitazama."

"Azitazame za nini, wakati ngome yenyewe iko hapo kwake?"

Akashusha kamera. "Haya, mara ya mwisho ulimleta lini?"

Ilikuwa kabla Baba hajafa. Nilisonya kwa sauti, mpaka mtalii mmoja akageuka kunitazama.

Mchana tulifika Dotonbori, mtaa wa vyakula, Mama akasimama mbele ya kibanda cha vitumbua vya pweza. Masanobu akanunua sahani yenye vitumbua sita, vinafuka moshi, vimemwagiwa mchuzi mweusi.

"Mama, hapana. Mchuzi ule una chumvi. Daktari alisemaje?"

"Kimoja," Mama akasema.

"Hata nusu."

Masanobu alimpa kijiti cha kuchomea. Nikakipokonya.

"Kinuyo! Huyu ni mama yako, si mfungwa wako."

"Wewe unayemwona mara mbili kwa mwaka ndiye wa kunifundisha? Nani anampima presha kila asubuhi? Nani alimwogesha alipovunjika mkono?"

"Wewe. Na humpi nafasi ya kusahau!"

"Jamani," muuzaji akatukatiza, "gombaneni mbele kidogo, mnanifukuzia wateja."

Tulipogeuka, Mama alikuwa ameshakula viwili kwa vidole, mchuzi umemtapakaa kidevuni. Nikatoa kitambaa nikamfuta. Nilimfuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nakiri hilo. Mama akaukwepesha uso wake kama mtoto anayenyolewa, akamaliza kujifuta mwenyewe kwa kiganja.

Baada ya hapo Masanobu alitembea mbele, mimi nyuma, Mama katikati akisimama kwenye kila dirisha la duka. Alitazama viatu, alitazama miavuli, aliingia duka la chai akatoka na paketi moja. Nilimuuliza ya nini, na chai tunayo tele nyumbani. Akasema ni zawadi. Sikuuliza ya nani.

Saa kumi na moja tulifika stesheni ya Umeda kupanda treni ya kurudi nyumbani. Jibu lilikuwa bado. Masanobu alitangulia kwenye ngazi za umeme, akasimama kushoto kama kawaida yake. Nikampisha Mama apande kabla yangu. Akaweka mguu, akashika ukingo, akasimama kushoto, nyuma ya Masanobu.

Nilidhani ni uchovu. "Mama, kulia," nikasema, nikamvuta mkono.

"Kulia nakujua. Nimesimama huko tangu ujana wangu." Akautoa mkono wake kwenye wangu, taratibu. "Acha nianze kuzoea."

Masanobu alimsikia. Hakugeuka, na sijui angegeuka ningemfanya nini. Nilikumbuka kijiti, nikakumbuka kidevu chake chini ya kitambaa changu, nikatamani ngazi zile zirudi chini mpaka asubuhi.

Nyuma yangu mwanamume mwenye mkoba alikuwa akipenya kwa fujo. "Bibi, sogea kulia! Hapa si Tokyo!"

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe.

"Kama una haraka, panda ngazi za kawaida!" nikamfokea. "Mwache mama yangu asimame anapotaka."

Kisha nikahamia kushoto, nikasimama nyuma ya Mama ili asisukumwe.