Tawi Jeupe la Yae

Sakuzo alikataa kulikata tawi jeupe, na kichaka kizima kikafa.

Kijijini kwao hakuna asiyejua kwamba tawi jeupe hukatwa. Watu wa huko wanalea yabukoji, vichaka vifupi visivyofika hata goti, ambavyo havipukutishi majani hata vikilaliwa na theluji. Jani linalopendwa ni la rangi mbili, kijani katikati na weupe ukingoni. Mara mojamoja shina hutoa tawi lisilo na kijani hata chembe. Hilo wanaliita mzimu. Ni zuri kulitazama, lakini halijitengenezei chakula. Hunyonya matawi mengine mpaka yaishe, kisha nalo hufa. Ukiliona asubuhi, mchana liwe limeshatupwa.

Yae, mkewe Sakuzo, aliyakata mengi maishani mwake, tena bila huruma. "Wapishe wenye kazi," alikuwa akiliambia tawi, kisha mkasi unafanya kazi yake. Kichaka kilichokuwa nyuma ya nyumba, mbele ya baraza, alikipata mwenyewe kutoka kwenye mbegu, akakichagua na kukipogoa miaka na miaka mpaka ukingo wa majani ukawa mwembamba kama uzi. Hakikuwepo kingine cha namna ile popote. Kisha wakati wa baridi akaugua kifua, akafa.

Kiangazi kikaja na Bon yake ya kwanza, siku ambazo wafu hurudi nyumbani. Nyumba yenye marehemu mpya hutundika taa nyeupe ya karatasi, maana roho isiyoizoea njia inaweza kupotea. Kinue, binti yao wa pekee, alikuja kutoka mjini akaitundika, akapika vyakula alivyopenda mama yake. Asubuhi iliyofuata Sakuzo alikwenda barazani akaona tawi limechomoza katikati ya kichaka, jeupe pee, limeinamia upande wa mlango kama mtu anayechungulia ndani.

Hakumwambia mtu.

Siku ya kuwaaga wafu, Kinue aliwahi basi. Mabua ya katani, ya moto wa kuwaonyesha wafu njia ya kurudi kwao, alikwisha kuyapanga langoni.

"Baba, jua likizama tu, washa. Na taa uichome hapohapo. Usije ukakaa na chupa yako ukasahau."

"Kwani mimi mtoto?"

"Mtoto angekumbuka."

Jua lilizama. Moto ukawaka lango moja baada ya jingine, njia nzima. Sakuzo alisimama na kiberiti mkononi mpaka moto wa majirani ukafifia. Halafu akayakusanya mabua, akayarudisha stoo. Taa akaikunja, akaificha kabatini chini ya magodoro. Akaenda nyuma, akachuchumaa mbele ya kichaka.

"Kaa kidogo," alisema. "Una haraka gani?"

Yae akakaa.

Kwanza ilikuwa kikohozi nyuma ya bafu, kile kikavu alichokufa nacho. Halafu viatu. Viatu vyake vya mbao vya bustanini vilikuwa bado juu ya jiwe la kukanyagia, chini ya baraza. Asubuhi moja Sakuzo alivikuta chini kwenye mchanga, vimelowa umande. Akafurahi. Akajua Yae ametoka kukitazama kichaka chake kama zamani, kabla ya chai. Akavipangusa, akavirudisha juu ya jiwe. Kesho yake alivikuta mbele zaidi, karibu na kisima. Akavirudisha tena. Kila vilipotembea alivirudisha, na kila asubuhi vilikuwa vimefika mbali zaidi.

Tawi nalo lilikua. Aliona matawi ya kijani yanalifunika, halipati mwanga, na roho ikamuuma. Akachukua mkasi wa Yae akakata la kwanza. Wiki iliyofuata akakata mengine.

Tomekichi, jirani wa ng'ambo ya ua, alikuwa mlezi wa yabukoji tangu ujana na mdomo wake haukuwa na breki. Akachungulia.

"We Sakuzo, umelewa asubuhi yote hii? Unakata wapishi unabakiza mlaji?"

"Shughulika na vyako."

"Vyangu vizima. Shemeji angekuona angekuchapa na ufagio." Kisha akaviona viatu. Siku ile vilikuwa karibu na lango, vimepangwa sawa, ncha zimetazama barabarani. Tomekichi aliacha kucheka. "Nani kaviweka hivi?"

"Yeye."

Tomekichi aliusogelea ua. "Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "mtu akigeuza viatu vyake kuelekea nje, anataka nini?"

"Anatembea bustanini kwake."

"Anataka kwenda. Wewe uliwasha moto siku ile? Maana mimi sikuona moshi kwako."

Sakuzo aliviokota viatu akaingia ndani, akafunga mlango. Toka siku hiyo viatu vilikaa ndani. Kikohozi nacho kikahamia ndani.

Majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi, Kinue alikuja na vyungu vitatu na mfuko wa udongo wa kupandia. Mama yake alimwahidi vipande vitatu vya kichaka avipande kwake. Alipofika nyuma aliona vishina vilivyokatwa, matawi machache ya kijani yaliyobaki yamesinyaa, na katikati lile jeupe limesimama.

"Baba, nani kafanya hivi?"

"Lilikuwa halipati mwanga."

"Lipi?"

Ndani ya nyumba mtu akakohoa. Kinue akageuka, amekitambua kikohozi cha mama yake. Akaingia mbio, akafungua kabati, akavuta magodoro, akaiona taa.

"Umemfungia," alisema. "Miezi yote hii umemfungia humu, na kifua kile kile."

Akatoka na mkasi. Sakuzo akamzuia njia.

"Usiliguse."

"Nipishe, Baba. Kijani kilichobaki bado kinaweza kushika. Nipishe!"

Sakuzo akaukamata mkasi upande wa makali, wakavutana, na yeye akamsukuma binti yake. Kinue aliangukia jiwe la kukanyagia, mkasi ukiwa bado mkononi. Makali yalimkata kidole, damu ikamwagika juu ya vyungu. Tomekichi ndiye aliyeruka ua akamfunga kitambaa na kumpeleka kwa daktari. Vyungu vitatu vilibaki pale, vitupu.

Theluji ilianguka mapema. Sakuzo alikijengea kichaka kibanda cha mbao na majani ya mpunga, akawa anakifukua kila asubuhi kutazama. Matawi ya kijani yalikauka yote. Jeupe likabaki peke yake siku chache, kisha likaanza kuwa la kahawia kutokea ncha. Kikohozi ndani ya nyumba kikawa chembamba zaidi, kama cha mtoto. Ndipo akaogopa. Akatoa mabua stoo, akatoa taa, akaviweka viatu langoni ncha zikitazama nje, akawasha moto juu ya theluji.

"Nenda," alisema. "Nenda basi, Yae."

Mabua yalikuwa na unyevu, yakatoa moshi tu. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Taa ilishika moto. Asubuhi tawi lilikuwa limelala kama uzi uliolowa, na viatu vilikuwa palepale alipoviweka. Havikusogea tena. Kikohozi hakikusikika tena. Hakujua kama Yae ameondoka au kama ameisha.

Bon ya pili aliwasha moto wa kuwakaribisha wafu kwa wakati wake, mabua makavu, moto safi. Akaketi barazani. Hakuja mtu langoni, wa upande huu wala wa upande ule.

Kichaka kilipotea, na mizizi yake. Vilipotea vipande vitatu vya Kinue, ambavyo sasa vingekuwa vimeshika. Kidole cha shahada cha Kinue, mkono wa kulia, hakikunjiki tena, na Kinue mwenyewe haji. Na Yae akapotea, kwa mara ya pili.