Kitabu cha Kabati la Fiona

Wivu wa Jedidah haukuanza na vitabu, hata kama baadaye alijiambia hivyo. Ulianza na mtoto mmoja wa darasa lake la pili, Waseya, aliyeanza kula chakula cha mchana katika chumba cha mwalimu mwingine.

Tuelewane kwanza kuhusu huyo mtoto. Waseya ni Mwojibwe, mmoja wa watu walioishi Minnesota, huku Marekani, kabla ya sisi wengine wote kuja na magari yetu. Septemba aliingia darasani kwa Jedidah, pale Brooklyn Park, akiwa hasemi. Si kwamba alikuwa bubu, alikuwa hataki tu. Jedidah hakumlazimisha. Alimpa kazi ya kuchonga penseli asubuhi kabla wenzake hawajafika, wakawa wanakaa wawili, mmoja anachonga, mmoja anasahihisha madaftari, hadi siku moja ya Februari, nje baridi ya kukata masikio, Waseya akafungua kitabu akasoma ukurasa mzima kwa sauti bila kuombwa. Siku hiyo Jedidah alilia garini njia nzima mpaka nyumbani Blaine. Tangu hapo alimhesabu mtoto yule kuwa wake. Lenny, mwanawe wa kuzaa, alikuwa chuoni na hapigi simu ila akiwa na shida, kwa hiyo moyoni nafasi ilikuwepo.

Halafu kuna Fiona. Fiona alipewa chumba cha jirani, darasa la tatu, mwaka huu huu wa shule. Amezaliwa hapa hapa, wazazi wake ni Wakisii wa Eden Prairie, Kiswahili chake ni githeri tupu, nusu Kiingereza, na akicheka anasikika hadi mlango wa jikoni. Siku ya kwanza alimkumbatia Jedidah akamwita Auntie. Ni heshima, nani atabisha. Ndivyo binti wa watu anavyomwita mwanamke aliyemtangulia. Lakini mbele ya walimu wengine, wanaoitana kwa majina tu, wazee kwa vijana, Jedidah alijiona kama aliyekabidhiwa mkongojo. Akatabasamu, akaitika.

Mwezi wa nne mwalimu mkuu alitangaza kwamba kila darasa litapata vitabu vipya vya watoto vya watu wa mataifa ya asili, Waojibwe, Wadakota na wengineo, na kwamba Fiona ndiye ataongoza kamati ya kuvichagua. Walimu wakapiga makofi. Jedidah alipiga kuliko wote, maana mwenye kijicho hujua kupiga makofi. Kisha akaenda chooni akasimama mbele ya kioo, akajiuliza ni nani aliyemfungua mdomo Waseya, yeye au huyo msichana wa juzi.

"Mama Lenny, unamwonea wivu mtoto wa watu," mumewe Nahashon alimwambia jioni hiyo, akivua viatu vyake vya kazi ya unesi.

"Wivu wa nini? Mimi nasema tu experience. Mtu anafundisha miaka yote hii, halafu kamati inapewa mtu aliye-join jana!"

"Sawa. Si wivu," Nahashon akasema, akaenda kupasha ugali.

Kamati ilikutana chumbani kwa Fiona baada ya watoto kwenda nyumbani. Masanduku yalikuwa yamekwisha kufunguliwa. "Waseya alinisaidia lunch time," Fiona akasema kwa furaha. "Auntie, huyo mtoto ananusa kila kitabu kabla ya kukifungua. So cute!" Jedidah alikuwa hajui kwamba Waseya hunusa vitabu.

Alikuja na vitabu vyake mwenyewe kutoka rafu ya darasa lake, vya zamani, vyenye jalada gumu. Fiona alivifungua kimoja kimoja kwa adabu. Manyoya kichwani, farasi, mahema, machweo, watu wasio na majina wanaoitwa Wahindi Wekundu tu, kana kwamba bara zima lilikuwa kijiji kimoja.

"Auntie, usikasirike. Humu ndani hakuna mtu anayeishi leo. Hakuna mtu ana-drive, hakuna mtu anaenda kwa dentist. Waseya akiangalia hapa ataona nini?"

Na Jedidah alijua. Hakuna aliyejua kuliko yeye. Ni yeye aliyewahi kurudisha maktabani kitabu cha Afrika kilichojaa simba na vibanda, akasema kwa hasira kwamba mamake aliyeko Murang'a, Kenya, ana simu mbili na hajawahi kumwona simba ila kwenye noti. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Angeweza kucheka na kukubali. Ila ukweli ulikuwa umetoka kinywani mwa Fiona, basi akavirudisha vitabu vyake kwenye mfuko na kusema kwamba watoto wanavipenda.

Wakaendelea. Mwandishi ni wa watu hao wenyewe? Anataja taifa lake? Kuna watoto ndani wanaocheka, wanaogombana, wanaokula pizza? Kitabu cha bibi na mjukuu wanaovuna mpunga wa ziwani kilipita. Cha msichana anayecheza mpira wa magongo kwenye barafu kilipita. Kisha Fiona akainua kimoja ambacho Jedidah alikitamani mara moja: picha kubwa zenye rangi za kuvutia, hadithi ya yule mjanja wa Waojibwe ambaye akitaka hujigeuza sungura. Sungura mjanja! Jedidah alikulia katika hadithi za sungura mjanja. Mikono yake ikanyooka yenyewe.

"Hiki si cha sasa," Fiona akasema, akakiingiza kabatini mwake. "Nitakiweka hapa kwanza. Mamake Waseya ameniambia kwamba hizi stori hazi..."

"Sawa, sawa," Jedidah akamkata. "Wewe ndiye chair." Kusikia kwamba mamake Waseya naye huongea na Fiona kulimtosha kwa siku moja.

Njiani kuelekea Blaine alilitafakari kabati hilo. Kizuri kuliko vyote, na amejiwekea. Mwaka ujao Waseya atakuwa darasa la tatu, chumba cha Fiona. Atamkalisha zulia la mbele, amsomee sungura, na huku kwangu zibaki penseli. Alipofika alikuwa hana shaka tena kwamba amechezewa.

Mwezi wa tano kulikuwa na asubuhi ya wazazi, siku ambayo kila mzazi hukaa darasani kwa mtoto wake na mwalimu husoma hadithi. Siku moja kabla yake, Waseya alikuja mezani kwa Jedidah na kipande cha penseli mkononi.

"Mimi na mama tunaweza kukaa kwa Mwalimu Fiona kesho?"

"Kwa nini?"

"Ana vitabu vyetu."

Jedidah akamwambia kwamba kila mtoto hukaa darasani kwake. Alisema kwa upole kabisa. Kisha watoto walipotoka kucheza, na Fiona akiwa zamu uwanjani, alikwenda chumba cha jirani, akafungua kabati lisilofungwa kwa ufunguo, akatoka na kitabu cha sungura chini ya sweta. Ni mali ya shule, alijiambia. Moyo wake ulidunda kama wa mwizi wa kuku, na mwizi wa kuku angalau anajua kwamba ameiba.

Asubuhi ya wazazi madirisha yalikuwa wazi, miti ya nje ina majani mapya, nyasi zimekatwa jana. Mamake Waseya, mwanamke wa rika la Fiona anayefanya kazi benki, aliketi kwenye kiti kidogo cha mtoto na magoti juu. Waseya alikaa miguuni pake. Jedidah akatoa kitabu, na macho ya mtoto yakapanuka. Aliyaona. Alidhani ni furaha.

Hapa lazima mtu aseme haki: Jedidah ni msimuliaji. Alikuwa amewafundisha watoto wake kuitikia, akisema "Paukwa!" wanapaza "Pakawa!" wote, Wahmong, Waliberia na Wasomali, na wazazi wakacheka. Akaanza. Sungura akatembea kwa madaha, akadanganya, akanaswa, akajinasua. Watoto walibingirika zuliani kwa kicheko. Jedidah alisikia sauti yake ikivuka ukuta kwenda chumba cha pili, akaiongeza.

Aliinua macho amtafute Waseya. Mtoto alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, anaangalia dirishani.

"Waseya? Kuna nini, mpenzi?"

"Hakuna theluji," Waseya akasema.

Mamake akamwekea mkono begani. "Samahani, mwalimu. Unasoma vizuri sana. Ila hadithi hizi za huyu mjanja sisi tunazisimulia theluji ikiwa chini. Majira mengine zinapumzika. Nyumbani amefundishwa hivyo, ndiyo maana hajui afanye nini." Hakusema kwa ukali. "Nilimweleza Mwalimu Fiona. Nilidhani walimu wote wameambiwa."

Na hapo, akiwa na kitabu wazi mapajani, Jedidah alimkumbuka nyanyake wa Murang'a, ambaye mchana hakuambii hadithi hata umlilie. Hadithi ya mchana hupoteza mbuzi, alikuwa akisema, ngojeni giza. Siku moja Jedidah aliwasimulia wadogo zake adhuhuri, na mbuzi mmoja hakurudi, na hadi leo, mtu mzima mwenye digrii mbili, hajawahi kusimulia hadithi za nyanya jua likiwa juu. Shule nzima ile, kama kulikuwa na mwalimu mmoja wa kuelewa kwamba hadithi ina wakati wake, ni yeye. Fiona alikuwa na neno mdomoni, na yeye akalikata.

Fiona mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Kicheko kilimleta, kimya kikamzuia. Aliangalia kitabu, akamwangalia Jedidah, akaelewa yote mara moja, akageukia wazazi.

"Ni kosa langu," akasema. "Sikumwambia Auntie."

Jedidah alimchukia wakati ule kuliko siku zote. Msichana ana Waseya, ana mama wa Waseya, na sasa ana wema pia! Na njia ilikuwa nyeupe: anyamaze tu, kosa liende zake. Lakini Waseya alikuwa ameshusha mikono masikioni, anamtazama yeye, kama alivyokuwa akimtazama asubuhi zile za penseli akingoja kujua kama mtu huyu anaaminika.

"Hapana," Jedidah akasema. "Alianza kuniambia, nikamkatiza. Kitabu kilikuwa kabatini kwake. Nilikichukua bila kumwomba."

"Kwa nini?" Waseya akauliza.

Wazazi wakaangalia viatu vyao. Jedidah akamtazama mtoto usoni. "Niliona wivu. Ulikuwa unapenda kwenda kule."

Waseya akainuka, akakifunga kitabu mapajani mwa Jedidah, taratibu, na kabla ya kukiacha akakinusa.

"Utamalizia theluji ikianguka?"

Swali hilo ndilo lililomchoma. Theluji haingeanguka kabla ya Novemba, na Novemba penseli za chumba hiki zingechongwa na mtoto mwingine.

"Theluji ikianguka utakuwa kwa Mwalimu Fiona. Atakumalizia yeye."

Waseya akamwangalia Fiona mlangoni, akamrudia Jedidah, kama mtu anayeshangaa watu wazima wanavyoshindwa na jambo jepesi.

"Basi uje," akasema.

Jedidah hakuwa amewahi kuingia chumba kile kwa hiari yake, ila siku ya kuiba. Alisimama, akavuka zulia kati ya miguu ya watoto, akamkabidhi Fiona kitabu kwa mikono miwili.

"Karibu, Auntie," Fiona akasema. "Anytime, serious. Mimi hiyo paukwa siiwezi."

"Asante, mwanangu," Jedidah akaitika, na neno hilo la Auntie likamchoma pale pale pa siku zote. Lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu miezi hadi theluji.