Teflon Haiogopi Moto

Mota ya Symphorien ilirudi kabla ya miezi minne kuisha. Aliishusha mwenyewe mbele ya karakana yangu, hapa Kampemba, uso kaukunja, na salamu akaisahau.

— Mama Julienne, moteur yako imekufa tena. Ulitia fil ya zamani?

Nilikasirika. Miaka kumi na tisa nasuka upya nyaya za mota zilizokufa, na sijamtilia mtu waya wa zamani hata siku moja. Symphorien ni fundi mkuu wa kiwanda kimoja upande wa Luano, wanakoua vijidudu vya bandeji na sindano za hospitali kwa mionzi. Mota za kusukuma makreti hukaa ndani ya chumba chenyewe cha mionzi. Zikitoka hazidhuru mtu. Mle ndani ndimo zinamoteseka. Tatu nilizisuka mimi.

Nikafungua kifuniko. Nilitegemea weusi na harufu ya kuungua, sikukuta kimojawapo. Shaba ilikuwa inang'aa. Lakini vile vifuko vya Teflon nilivyozivika nyaya, nilipovigusa vilimomonyoka vidoleni kama chokaa ya ukuta mkuukuu. Nyaya zilibaki uchi, zikagusana.

Niliona aibu. Teflon niliichagua kwa maringo, kwa kuwa haiogopi moto. Vifuko vya nyuzi za kioo nilivyovikuta mle vilikuwa vimedumu miaka kumi na mmoja, nami nikavitupa huku nacheka. Kumbe adui wa mota hizi si joto. Mionzi ilikuwa inaivunja Teflon kidogo kidogo, na mimi sikuuliza.

— Ao ni courant? Symphorien akauliza, amepoa.

Kwetu umeme hubebeshwa kila kosa, na haujawahi kujitetea. Ningeitikia tu, yangeisha. Lakini zile mota mbili nyingine zilikuwa bado zinazunguka na vifuko vilevile.

— Hapana courant. Ni miye. Téflon haiwezane na radiations. Zile mbili muzisimamishe leo.

Symphorien akainama, akaishika mota yake.

— Basi, zote tatu nitapeleka kwa Jeannot.

Jeannot alijifunza kazi kwangu, sasa ni mpinzani wangu. Teflon anaitia kila mahali, kama nilivyomfundisha. Iliniuma, sitaficha. Nikachukua kalamu nene, nikaandika juu ya kifuniko: «Jeannot, usitie Téflon. Miye nilitia, ikakufa. Julienne.»

Najua atawasomea wateja wake wote. Awasomee.