Kiapo cha Januari Mosi

Teta aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama jikoni kwao Louisville, kisha akaketi. Madai yote matatu yalikuwa yamekataliwa.

Alikuwa bado chuoni alipowaandikisha kazi ya ghala watu wawili wa kanisa lao, mzee Rugamba na Rakeli, mama mdogo wa Teta. Hawakuwa na barua pepe, basi akawajazia yake, na namba yake ya simu pia, kama vijana wote wa kanisa walivyowafanyia wazazi. Naye aliajiriwa hapo wakati wa likizo. Baadaye wezi waliingia kwenye kompyuta za kampuni ile, wakachota majina, tarehe za kuzaliwa na namba za soshali, zile za utambulisho wa serikali, za wafanyakazi wote. Kesi ikafunguliwa, ikaisha kwa mapatano, na kila aliyeibiwa akaruhusiwa kuleta dai lake. Teta alileta matatu kwa mkupuo.

Ofisi ya madai ilichoona ni barua pepe moja, simu moja, na watu watatu waliozaliwa Januari mosi. Ikaamua ni mtu mmoja mwenye tamaa. Kila mmoja sasa alitakiwa kuapa mbele ya mtu mwenye muhuri kwamba ndiye, na kwamba alizaliwa siku hiyo, na kiapo kipite posta kabla ya Ijumaa kwisha.

"Wasainie wewe," alisema kaka yake, Mutware. "Ijumaa ni keshokutwa."

"Ili waone na mwandiko ni mmoja? Hapo watakuwa wamenishika kwa haki."

Kwake na kwa Rugamba dai lile halikuwa na uzito mkubwa. Uzito ulikuwa kwa Rakeli, ambaye sasa alikuwa amehamia Buffalo. Mtu asiyejulikana alikuwa amepanga nyumba kwa jina lake kwenye jimbo ambalo Rakeli hajawahi kulikanyaga, akatoroka bila kulipa, na sasa kila mwenye nyumba wa Buffalo akitazama kompyuta yake anarudisha funguo mfukoni. Bintiye, Kanyana, alikuwa njiani kutoka kambini Burundi na watoto wake, na Rakeli alikuwa akilala kwenye chumba cha kuazima. Dai likikubaliwa, wataalamu wangepewa kazi ya kulisafisha jina lake. Teta alipanda basi alasiri ileile.

Columbus, alikohamia Rugamba, ilikuwa rahisi. Rugamba alimpokea kituoni, akampeleka kwenye duka la Morse Road, kwa mwenye duka aliyekuwa na muhuri wa viapo, na mzee akasaini huku akicheka.

"Donc Wamerekani wanafikiri mimi na wewe tuko mutu moja? Waambie waniletee basi zile meno zako, zangu zilishaisha."

Teta alitia bahasha ya mzee kwenye mkoba pamoja na ya kwake, aliyokwisha kuisaini Louisville, akaendelea na safari.

Rakeli alikuwa anaishi ghorofa ya juu ya nyumba kuukuu ya mbao, West Side. Alimlisha kwanza. Maharagi yalipokwisha ndipo alipokubali kusomewa, na Teta akamtafsiria neno kwa neno. Alipofika kwenye tarehe, Rakeli akainua mkono.

"Hapo simama. Niape kwa Mungu kama nilizaliwa ile siku?"

"Ndiyo iko kwenye hati zako, mama mudogo."

"Iko kwenye hati. Kwangu haiko. Ule mukubwa wa kambi aliniuliza, nikamwambia mama alinizaa kwa mavuno ya maharagi, akaandika yake. Nilinyamaza, sababu hakuniapisha. Bon. Leo munaniapisha."

"Kila mtu wa kanisa ana Januari mosi!"

"Na kila mutu ataapa yake."

"Na Kanyana? Atalala wapi na watoto?"

Rakeli alikusanya sahani. "Nitamupokea na jina chafu. Siwezi kumupokea na uongo."

Teta alitoka barazani akiwa na hasira, akapiga simu ofisi ya madai. Baada ya muziki mrefu mwanamke mmoja aliitika. Alisema nafasi ya maelezo ipo kwenye fomu, mtu anaweza kuandika alichonacho, ila yeye hawezi kuahidi watakavyoamua. Tarehe zikipishana, wanaweza kulitupa dai lote.

Akasimama pale na simu mkononi. Alikuwa amekuja na karatasi iliyonyooka, ambayo pengine ingepita. Aliyemtaka aisaini ni mtu ambaye hangeisaini hata apewe nyumba kesho. Akarudi ndani na kalamu.

"Mama mudogo, niambie kile unachoweza kuapa. Nitaandika hicho tu."

Rakeli akaanza kusema, polepole, na Teta akaandika kwa Kiingereza: kwamba siku ya kuzaliwa kwake haijui, kwamba ilikuwa wakati wa mavuno ya maharagi, kwenye milima ya Kivu, kwamba Januari mosi iliwekwa na ofisa, kwake na kwa wengi waliotoka naye, kwamba yeye ni Rakeli, na nyumba ile hakuipanga.

Kwenye benki ya mtaani, karani mwenye muhuri alimwambia ainue mkono wa kulia. Rakeli aliuinua juu kabisa, kama kanisani, akaapa kwa sauti iliyowageuza watu kwenye foleni, akasaini.

Wakati wa kufunga bahasha ndipo Teta alipoziona zile mbili nyingine mkobani, kila moja na Januari mosi yake safi iliyotungwa na ofisa, zimeapwa. Akazitoa, akazichana palepale kwenye pipa la benki, akampigia Rugamba.

"Baba, nakuja tena. Kesho asubuhi tunasaini upya, kisha moja kwa moja posta."

"Nilikosea nini?"

"Wewe hukukosea. Ulizaliwa lini, baba?"

Mzee akacheka, safari hii taratibu.

"Hakuna mutu aliniuliza hiyo tangu nifike hapa. Uko na kalamu?"

"Ninayo."

"Bon. Andika."